Nilichomelea mchana, usiku nikashikwa na homa: je, karakana yangu ya nyumbani ina kasoro gani?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nina miaka 43, naishi Kibaha. Nyuma ya nyumba nina chumba cha mita 3 kwa 4 kilichokuwa stoo. Kina mlango mmoja, dirisha dogo, sakafu ya saruji, na juu nimepiga dari la plaiwudi. Mwaka huu nimekigeuza karakana. Si kwa biashara, ni kwa kupenda tu. Wiki nzima nashinda na tarakimu, Jumamosi nataka nishike kitu chenye uzito. Nimenunua mashine ya kuchomelea ya inverta ya ampea 160, grenda ndogo na jiliwa. Umeme nauvuta sebuleni kwa ekstensheni ya mita 30. Jumamosi iliyopita nilichomelea fremu ya kitalu cha mboga kwa mabomba ya maji yaliyobaki kwenye ujenzi. Usiku nilitetemeka, homa, kichwa kinauma, mdomoni ladha kama ya sarafu. Nikameza dawa ya malaria, kesho yake jioni nikawa mzima. Fundi mmoja hapa mtaani anasema kosa langu ni kutokunywa maziwa. Tena breka ya nyumba inakata kila nikiongeza moto wa mashine, na mama watoto anasema nitaunguza nyumba. Fremu yenyewe imepinda na kuna mahali nimetoboa matundu. Kuna jamaa ananiuzia mashine ya kukereza ya mtumba, na nataka pia kutengeneza jiko la kuchomea nyama kwa pipa tupu la mafuta. Mwanangu wa miaka 9 hatoki humo chumbani. Niendelee au niache?"*

Ndugu yangu, endelea. Ila usiwashe tena mashine hiyo mpaka umalize kusoma hapa, kwa sababu kwenye maelezo yako nimeona mambo manne yanayoweza kuua, na wewe umeogopa moja tu, tena lililo jepesi kuliko yote.

Nimefundisha kazi za chuma kwa zaidi ya miaka 20, na kila darasa jipya nalianza kwa jambo hili: karakana ni mdai anayechelewa. Ukijigonga nyundo kidoleni unajua saa ileile. Moshi wa mchana, lakini, huja kukudai usiku. Mwanga wa kuchomelea hukudai usiku wa manane. Cheche ya grenda hukudai ukiwa umeshanawa na umekaa mezani. Waya mwembamba hudai baada ya miezi, masikio baada ya miaka. Kwa kuwa deni linachelewa, mtu hasemi "ni ile kazi". Husema ni malaria, ni mafua, ni uzee. Na hapohapo ndipo zinapozaliwa dawa kama maziwa.

Tuanze na hiyo homa. Mabomba ya maji uliyotumia ni chuma kilichopakwa zinki, ndiyo maana hayakuwa na kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 na kuchemka kwenye nyuzi 907, ilhali chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kikaribie 1500. Maana yake, kabla chuma chako hakijaanza kulegea, zinki imeshachemka na kuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa unageuka okisaidi ya zinki: ule moshi mweupe mzito, na zile nyuzi nyeupe zinazoelea kama pamba ya msufi na kutua kwenye mikono ya shati. Naamini uliziona.

Chembe zake ni ndogo mno. Pua na koo haziwezi kuzinasa, kwa hiyo zinafika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kinga ya mwili inazipokea kama uvamizi, na matokeo yake ni homa, baridi ya kutetemeka, kiu, maumivu ya kichwa na misuli, na hiyo ladha ya sarafu uliyoitaja. Huanza saa 4 hadi 10 baada ya kuvuta moshi na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Maelezo yako yanalingana nayo hatua kwa hatua. Inaelekea ulipona kwa sababu muda wake ulikuwa umefika, na dawa ya malaria ikapewa sifa isiyo yake.

Hapo usinielewe vibaya. Sisemi homa yoyote baada ya kazi ni moshi. Kwetu Pwani malaria ipo, na mtu anayekaa nyumbani akijiambia "ni zinki tu, itaisha" anaweza kupoteza siku ambazo hakupaswa kuzipoteza. Ukipata homa, nenda zahanati upimwe damu, na mwambie daktari bila kuulizwa: "Jana nilichomelea chuma cha zinki." Hakuna kipimo cha kidole kitakachomwonyesha hilo, lazima litoke mdomoni mwako. Na kama kifua kinabana, pumzi zinakatika, au homa imezidi siku mbili na kikohozi kinaongezeka, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo. Sababu ya haraka hiyo ni kwamba kuna metali nyingine, kadimiamu, inayopakwa kwenye baadhi ya boliti na vifaa vya zamani, mara nyingi vyenye rangi ya dhahabu. Homa yake huanza kama ya zinki, ila haiondoki. Inaharibu mapafu na inaweza kuua. Boliti ya mtumba usiyoijua asili yake usiichomelee kamwe.

Maziwa yanapita kooni kwenda tumboni. Moshi unapita kwenye koromeo kwenda mapafuni. Hayakutani popote. Najua fundi wako hakudanganyi kwa makusudi, kwa sababu naye ameona kwa macho yake kwamba anakunywa maziwa na haumwi. Asichojua ni kwamba mwili ukivuta moshi wa zinki siku kwa siku huuzoea kwa muda, na ukipumzika siku mbili mazoea yale yanapotea. Ndiyo maana mafundi wa viwandani huugua zaidi Jumatatu kuliko Alhamisi. Wewe unayeshika kazi mara moja kwa wiki, kila Jumamosi yako ni Jumatatu ya fundi. Yanywe maziwa kwa afya ya mifupa, sawa, lakini yasikuingize kwenye moshi.

Cha kufanya ni rahisi kuliko kujikinga: usichomelee zinki. Nunua chuma cheusi, bomba la mraba au chuma cha pembe. Wapo watakaokwambia uparue zinki kwa grenda kabla ya kuchomelea, na kwa bati au fletibaa (chuma bapa) ushauri huo unafaa: parua sentimita 5 kila upande, nje, ukiwa na barakoa, kisha ukimaliza paka rangi yenye zinki maana umekivua chuma nguo yake. Lakini bomba la maji limepakwa ndani na nje. Nje utaparua, ndani utaingiza nini? Mabomba yako yaliyobaki yaunge kwa viungio vya kukaza kwa nyuzi, yaani soketi, tii na elbo, kama yalivyokusudiwa. Kitalu cha mboga kitasimama vizuri tu.

Hata chuma cheusi kinatoa moshi, basi tukitazame chumba. Mita 3 kwa 4 yenye mlango mmoja na dirisha dogo ni chupa. Wahunzi wetu wa zamani walifua chini ya paa lisilo na kuta, na walikuwa na sababu. Kama una uwanja, chomelea nje chini ya kibanda cha bati, chumba kibaki cha kukata, kutoboa, kupiga tupa na kuhifadhi vifaa. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza na ungekuwa wa mwisho kama jua la Kibaha lingekuwa na huruma. Kama lazima uwe ndani, panua dirisha au toboa jingine ukuta wa pili, liwe juu, uweke feni inayovuta hewa kuitoa nje, na mlango uwe wazi wakati wote. Feni isikupulizie usoni ikirudisha moshi ndani. Kisha jifunze kukaa ubavuni mwa kazi. Moshi hupanda wima. Anayeinamia kazi kama anayesoma gazeti anauvuta wote. Hiyo tabia ya kukaa ubavuni haigharimu hata senti na inakuepusha na sehemu kubwa ya moshi. Juu yake ongeza barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100. Zile za bluu za hospitalini na vitambaa havizuii chembe hizi.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nyumba inapoungulia.

Breka yako haina kosa. Inakata kwa sababu unaiomba kitu ambacho waya nyuma yake hauwezi kutoa. Piga hesabu, wewe ni mtu wa hesabu. Ukichomelea kwa ampea 90, volti kwenye ncha ya fimbo ya kuchomelea ni kama 24, hivyo unatumia wati 2,100 hivi pale kwenye moto. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, na jinsi inverta nyingi za bei nafuu zinavyovuta umeme kwa mafungu badala ya mfululizo, utakuta ukutani inavuta ampea 15 au 16. Plagi yako ya pini tatu imetengenezwa kwa 13. Ukipandisha moto hadi 130, umeshavuka 20.

Fundi wa haraka atakwambia uweke breka kubwa zaidi. Kataa. Breka haipo kulinda mashine. Ipo kulinda waya uliofichwa ukutani na juu ya dari. Ukiweka kubwa, breka itanyamaza na waya ndio utakaopiga kelele, kwa moto.

Halafu ile ekstensheni. Nyingi za madukani zina waya wa milimita za mraba 1.5, wakati mwingine pungufu ya kilichoandikwa. Mita 30 kwenda na 30 kurudi, kwa ampea 16, zinageuza kama wati 186 kuwa joto. Waya ukiwa umenyooshwa chini, joto hilo linasambaa, hata hulisikii. Ukiwa umezungushwa kwenye rili yake, zote 186 zimefungiwa mahali padogo kama bakuli. Nilipokuwa kijana niliwahi kuiacha yangu hivyo kwa alasiri nzima. Jioni nilipotaka kuifungua, tabaka za ndani zilikuwa zimegandana kama kashata, plastiki moja, na waya mwekundu umeonekana. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wenye jasho dakika chache kabla.

Hapa ndipo msaada wa ana kwa ana haukwepeki. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe akuonyeshe hiyo leseni, kisha akuvutie laini ya karakana peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa shaba wa milimita za mraba 6, breka yake ya ampea 32, soketi nzito ya aina ya viwandani, na breka ya kukata umeme unapovuja. Mwombe pia apime ethi ya nyumba, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa kipimo, asiitazame kwa macho tu. Fimbo ya ethi iliyochomekwa miaka 10 iliyopita kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa pambo. Gharama hii itakuuma, pengine kuliko bei ya mashine yenyewe, na ningependelea uitoe leo ukae miezi mitatu bila kununua kifaa kingine.

Kuna kosa la maneno nalisikia kila mara, nami nalisahihisha kila mara. Ile klempu unayobana kwenye chuma mafundi huiita "ethi". Siyo ethi. Ni njia ya kurudishia umeme wa kuchomelea. Haikulindi na chochote. Mashine ikivuja kutoka kwenye nyaya za ndani, kinachokuokoa ni ethi ya nyumba kupitia ile pini ndefu ya plagi, na kama umeikata pini hiyo au umetumia plagi ya pini mbili, umejikabidhi. Vilevile, mashine ikiwa imewashwa na hujagusisha fimbo, kwenye holda, yaani mshikio wa fimbo, kuna volti 60 hadi 80 zinangoja. Kwa ngozi kavu si kitu. Kwa mtu aliyelowa jasho la mwezi wa pili, aliyekaa juu ya chuma anachokichomelea, zinatosha kumkamata. Usiibane holda kwapani ukibadilisha fimbo. Nimeona mafundi wa miaka mingi wakifanya hivyo, na kila mara moyo wangu unaruka.

Kununua inverta ulifanya vyema. Mashine za transfoma zinazosukwa mitaani ni imara kweli, na zikiharibika kila mtaa una wa kuzitengeneza, ila zinavuta umeme mara mbili ya yako, taa za jirani zinafifia, na nyingi vituo vyake viko wazi kiasi kwamba mtoto anaweza kuvigusa.

Mama watoto ana haki, tena ameona zaidi yako. Cheche za grenda na za kuchomelea zinaweza kuruka na kubingirika hadi mita 10. Chumba chako chote kina mita 5 kutoka pembe hadi pembe. Hakuna mahali salama humo pa kuweka kitu kinachoungua. Ng'oa dari la plaiwudi, bati libaki wazi. Toa kila kilichobaki cha stoo: magunia, rangi, kopo la thina, godoro la zamani. Siku moja mwanafunzi wangu alikata nondo karibu na gunia la maranda ya seremala. Tulizima vifaa, tukafagia, tukafunga. Aliyeuona moshi ni mlinzi, zaidi ya nusu saa baadaye, ukitoka kwenye gunia ambalo kwa nje halikuwa na hata doa. Kaa ndani ya karakana, au kizingitini, kwa saa nzima baada ya cheche ya mwisho. Huo ndio muda mzuri wa kufagia, kupanga tupa, kuandika vipimo vya wiki ijayo. Weka ndoo ya mchanga na kizimamoto cha unga karibu na mlango, si ndani kabisa ambako moto utakuzuia kukifikia.

Pipa. Hili nakuomba kama ndugu. Pipa tupu la mafuta ni la hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina hewa ndani. Tupu lina hewa, na lina mafuta yaliyonata kwenye mishono. Pipa la lita 200 linahitaji petroli ya vijiko viwili vitatu tu vya chai, ikigeuka mvuke, ili liwe bomu. Na usijiambie "hili lilikuwa la dizeli, halina harufu". Dizeli na mafuta ya injini yakiwa baridi hayatoi mvuke wa kutosha, lakini wewe unaleta moto wa maelfu ya nyuzi, unayachemsha kutoka nje, unatengeneza mvuke huo wewe mwenyewe, kisha unaupa cheche. Kifuniko kinaruka kwanza, na aliyeinama juu yake ndiye kinayemkuta. Kuosha kwa sabuni hakutoshi, kuacha wazi juani wiki nzima hakutoshi.

Watazame wanaotengeneza majiko na masanduku ya bati Gerezani pale Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi. Mapipa wanayafungua kwa patasi na nyundo, bila moto. Kelele zake zinachosha, lakini wanajua wanachokifanya. Kama huwezi kuliacha wazo la pipa, chukua lililobeba chakula, kama mafuta ya kupikia, ulijaze maji karibu na kingo na ulipasue kwa patasi. Lililobeba kemikali au usilolijua usilichukue hata bure, kwa sababu hata likikatika salama utachomea nyama juu ya mabaki yake. Mimi binafsi ningenunua bati jeusi la milimita 2 na kulikunja. Litakuwa ghali zaidi ya pipa, lakini utajifunza kukunja bati, na ulisema unafanya kwa kupenda.

Kuhusu fremu iliyopinda, hiyo siyo ishara kwamba huna mkono. Mita moja ya chuma hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila nyuzi 100 za joto. Pale unapochomelea panataka kutanuka, lakini chuma baridi kilichopazunguka kinapabana, panashindiliwa pakiwa laini. Pakipoa panasinyaa, na sasa ni pafupi kuliko palivyokuwa, hivyo panavuta fremu upande wake. Ulimaliza kona moja yote kabla ya kwenda nyingine, sivyo? Wakati ujao shikiza kona zote nne kwa nukta ndogo, pima mishazari miwili mpaka ilingane, kisha chomelea kipande kifupi kona moja, ruka ya mshazari wake, rudi. Matundu nayo nadhani yametoka kwenye mapengo. Bomba la mviringo likikutana na jenzake la mviringo, ncha lazima ichongwe kufuata umbo la mwenzake. Ukiikata wima unabaki na pengo, na moto hauwezi kujenga daraja hewani. Kwa bomba jembamba la milimita 1.5, tumia fimbo za milimita 2.0 kwa ampea 40 hadi 60. Fimbo ya 2.5 na ampea 90 iache kwa chuma cha milimita 3 kwenda juu. Zitunze kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, maana unyevu wetu wa Pwani unaziharibu na fimbo yenye unyevu hutapika. Moto ukiwa sawasawa utausikia kabla ya kuuona: sauti ya mfululizo, kama maandazi yanapotumbukizwa kwenye mafuta yaliyokolea. Ikikatikakatika, uko mbali mno. Ikinguruma na kuzama, uko karibu au moto ni mdogo.

Grenda sitaiongelea sana, ila jambo moja halina mjadala. Usivue kinga yake ili uweke diski kubwa. Grenda yako ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya 230 imeruhusiwa mara 6,600 tu. Nguvu ya kuipasua inapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, yaani karibu mara tatu ya iliyopangiwa. Soma tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski, iliyopita muda itupe, na usisimame kwenye mstari wa mzunguko wake inapowashwa. Masikio yafunike, kelele za grenda hufika desibeli 100, na kwa kiwango hicho sikio linavumilia robo saa kwa siku.

Mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma ili kichongwe, usinunue sasa. Si kwa sababu ni mbaya. Ni mashine tamu kuliko zote karakanani, na siku utakapotoa shafti iliyong'aa utasahau kula. Lakini za mtumba zinazotoka viwandani nyingi hutaka umeme wa njia tatu, nawe una wa njia moja. Nyingine zina uzito wa nusu tani na zaidi, na kitanda kilicholika katikati hutakiona kwa macho. Itameza chumba chako cha mita 12 za mraba kabla hujajua unataka kukereza nini. Anza na meza nzito ya chuma, uitengeneze mwenyewe, ndiyo kazi yako ya kwanza. Kisha keekee ya kusimama, ya kutobolea. Baada ya mwaka, kama bado unaiota, nenda kwenye chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu nawe, uliza kozi fupi za ukerezaji na uchomeleaji, uzishike mashine zao ukiwa na mwalimu pembeni. Hata kama hutaiona haja ya kukereza, wiki chache za kuchomelea mbele ya mtu anayekuona mkono zinazidi maandishi yangu yote haya.

Nimemwacha mtoto mwisho kwa sababu ndiye anayenigusa. Mwanga wa kuchomelea unaunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza mabega. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, kama mchanga wa moto chini ya kope. Miwani ya jua haizuii. Wewe vaa kofia yenye kioo namba 10 au 11. Mwanga hata ukigonga ukuta uliopakwa chokaa unarudi, kwa hiyo kusema "geuka usitazame" hakutoshi. Unapochomelea asiwe chumbani, na mlangoni tundika pazia zito lisiloshika moto ili na majirani wanaopita wawe salama. Akiwahi kuamka usiku analia macho, usimwekee viazi wala maziwa, na usimtilie matone ya ganzi yaliyobaki ya mtu mwingine, yanachelewesha kupona. Kitambaa cha maji baridi juu ya kope, chumba chenye giza, na asubuhi macho yaonwe na mtaalamu.

Lakini usimfukuze karakanani. Siku mashine zimezimwa, mwekee kibao asimamie ili kiwiko chake kilingane na mdomo wa jiliwa. Mbanie fletibaa yenye urefu wa kiganja chake, mpe tupa ya inchi 8 yenye mpini, miwani ya kinga, na chaki ya kupaka kwenye meno ya tupa ili yasijae. Mwonyeshe kusukuma kwa mwili, mguu wa kushoto mbele, na kuinua tupa wakati wa kurudi. Mchoree mstari kwa msumari, mwambie afike hapo bila kuuvuka. Itamchukua Jumamosi mbili.